Volti 12 Hazina Msamaha: Umeme wa Reli Ndogo na Hitilafu Zake

Injini ndogo ya treni ikisimama katikati ya njia, mwenye nayo huanza kwa kuifungua. Anatoa skrubu, anachokora mota, anatia mafuta, anairudisha relini, nayo inasimama palepale. Kosa halikuwa ndani ya injini. Lilikuwa chini yake: kiungo kilicholegea, waya nyembamba kupita kiasi, au vumbi lililoganda juu ya chuma. Hoja ya uchambuzi huu ni kwamba hitilafu nyingi za reli ya mfano hutoka kwenye njia ya umeme, na chanzo chake kikuu ni kimoja. Volti 12 ni chache mno. Kosa ambalo nyumba yenye volti 240 hulimeza bila mtu kujua, reli ndogo hulionyesha mara moja.

Malili, kando ya barabara kuu ya Nairobi na Mombasa katika Kaunti ya Makueni, ni mahali pazuri pa kulitazamia swali hili. Ekari 5,000 zilizotoka kwenye ranchi ya Malili ndizo zilizotengewa mji wa teknolojia wa Konza, ambao Rais Mwai Kibaki aliuwekea msingi Januari 2013. Reli ya zamani, iliyofika Nairobi mwaka 1899 na Kisumu mwaka 1901, inapita Konza, na hapo ndipo tawi la Magadi linapochomoka kuelekea Kajiado. Reli mpya ya SGR, iliyozinduliwa tarehe 31 Mei 2017, inapita eneo hili kati ya vituo vya Emali na Athi River. Zaidi ya hayo, wakazi wengi wa Makueni na Kitui walizijua volti 12 za sola kabla ya kuzijua 240 za gridi. Mwaka 2012 soko la Kitonyoni, Makueni, lilipata mtambo wa sola wa kilowati 13.5 kupitia mradi wa Chuo Kikuu cha Southampton, na kule Ikisaya, Kitui, kikaanzishwa kituo cha sola cha kuchajia taa na simu. Mtu aliyewahi kuuliza kwa nini taa ya sola ya chumba cha mwisho inafifia, tayari ameuliza swali la reli ndogo.

Reli mbili, waya mbili

Kipimo cha reli ya mfano kilichoenea zaidi duniani huitwa H0, na hupunguza kila kitu mara 87. Kwa kipimo hicho SGR, yenye upana wa milimita 1,435, inakuwa milimita 16.5. Reli ya zamani ya mita moja inakuwa kama milimita 12. Behewa la mita 25 linabaki na sentimita 29 hivi, na treni nzima inaenea juu ya meza ndefu.

Reli zenyewe ndizo waya. Moja inabeba upande chanya, ya pili upande hasi. Magurudumu yanachota mkondo, mota inazunguka, mkondo unarudi kwa reli ya pili. Kikontrola, kifaa cha kuendeshea treni, kikizipandisha volti kutoka 0 hadi 12, treni inaongeza mwendo. Chanya na hasi zikibadilishana nafasi, treni inarudi ilikotoka. Kwa kanuni inayofuatwa na watengenezaji wengi, chanya ikiwa kwenye reli iliyo kulia kwa injini, injini inakwenda mbele.

Mpango huu una sharti gumu. Ekseli ni ya chuma, na ikiziunganisha reli mbili moja kwa moja, hiyo ni shoti. Kwa hiyo kwenye kila ekseli, gurudumu moja angalau hutengwa na mwenzake kwa plastiki. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ililikwepa sharti hilo kwa kuweka njia ya tatu ya umeme katikati ya mataruma, na mfumo wake bado unatumika. Faida yake ni kwamba reli zote mbili za pembeni huwa upande mmoja wa umeme, kwa hiyo hakuna ekseli inayoweza kuleta shoti. Hasara yake ni kwamba injini inahitaji kiatu cha kugusia katikati, na vifaa vyake haviingiliani na vya reli mbili.

Reli kubwa inadai kinyume kabisa. Mwaka 1872 William Robinson wa Marekani alipata hataza ya saketi ya njia, ambayo bado ni msingi wa ishara katika reli nyingi duniani. Betri inapeleka mkondo mdogo kwenye reli mbili kutoka mwisho mmoja wa kipande cha njia, na relei inaupokea mwisho wa pili. Treni ikiingia, ekseli zake zinauziba mkondo huo, relei inaanguka, taa inakuwa nyekundu. Waya ikikatika au betri ikifa, relei inaanguka vilevile na taa inakuwa nyekundu vilevile. Hitilafu inamsimamisha dereva badala ya kumdanganya. Pale, shoti ya ekseli ndiyo habari inayotafutwa. Mezani, shoti hiyohiyo ni ajali. Anayeujenga mfano na kutaka ishara zinazofanya kazi hulazimika kuyapatanisha mambo haya mawili, kwa kawaida kwa kupima mkondo unaoingia katika kila sehemu ya njia.

Hesabu ya shaba

Mafundi wa stima nchini Kenya wana mazoea yao: waya ya shaba ya milimita mraba 1.5 kwa taa, na ya 2.5 kwa soketi. Ukimwambia fundi kwamba reli ya kuchezea yenye volti 12 inataka waya nene kama hiyo, huenda akacheka. Hesabu iko upande wa reli.

Waya ya shaba ya milimita mraba 0.5, ya aina inayoning'inia kwenye spika nyingi, ina ukinzani unaokaribia ohmu 0.037 kwa mita. Meza ikiwa na urefu wa mita 10, mkondo unakwenda mita 10 na kurudi mita 10, jumla mita 20, sawa na takriban ohmu 0.75. Treni tatu zikivuta ampea 3 kwa pamoja, volti 2.2 zinapotea njiani. Katika nyumba ya volti 240, hasara hiyo haifiki asilimia 1 na hakuna atakayeiona. Katika reli ya volti 12 ni zaidi ya asilimia 18: treni inayokimbia vizuri karibu na kikontrola inajikokota ikifika upande wa pili wa chumba. Ukiweka waya ya 1.5, hasara inashuka hadi volti 0.7 hivi. Ukiweka ya 2.5, inakuwa chini ya nusu volti.

Na hapo hatujazitaja reli. Reli nyingi za mfano hutengenezwa kwa nikeli-silva, mchanganyiko wa shaba, zinki na nikeli ambao hauna fedha ndani yake licha ya jina. Ukinzani wake unazidi wa shaba tupu kwa zaidi ya mara 15. Tena reli hukatwa vipande vya mita moja au chini, na kila kipande kinashikana na mwenzake kwa kibati kidogo kilichokunjwa. Siku ya kwanza kibati hicho kinabana. Baada ya miezi ya joto, baridi na vumbi, kinalegea na kuota utandu wa oksidi. Viungo vitatu vyenye ohmu moja kila kimoja vinaila volti moja na nusu kwa injini inayovuta nusu ampea tu.

Suluhisho ni la zamani na halina ujanja. Jozi moja ya waya nene, waya kuu, inapita chini ya ubao kutoka mwanzo hadi mwisho. Kila mita moja au mbili, waya fupi nyembamba zinapanda kutoka kwenye waya kuu na kulehemiwa kwenye reli. Waya hizo fupi hazina madhara kwa sababu ya ufupi wake. Kibati cha kuunganishia kinabaki na kazi ya kuzishika reli zisiachane, na kazi ya kubeba mkondo inahamia kwa shaba.

Hesabu hiyohiyo inaeleza kwa nini reli kubwa za umeme zimekimbilia volti nyingi. SGR ya Tanzania, iliyoanza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro Juni 2024 na kufika Dodoma mwezi uliofuata, inatumia volti 25,000. Reli ya Addis Ababa hadi Jibuti inatumia kiwango hichohicho. Injini ikihitaji megawati 5, kwa volti 25,000 inavuta ampea 200, mkondo ambao waya ya juu inaubeba bila taabu. Kwa volti 12, injini hiyo ingehitaji zaidi ya ampea 400,000. Injini zinazopita karibu na Malili zinachoma dizeli, lakini dizeli hiyo huzungusha jenereta, nayo jenereta huzipa umeme mota zinazoendesha magurudumu. Zimekwepa waya ya juu kwa kubeba kituo chao cha umeme mgongoni.

Stesheni ya Konza juu ya meza

Tuichukue stesheni ya Konza kama mfano wa kujengwa. Njia kuu inatoka upande wa Nairobi, inapita stesheni, inaendelea kuelekea Ulu, Sultan Hamud na Emali. Tawi la Magadi linaachana nayo. Tukiongeza njia moja ya kupishania, tayari tuna maswali yote makubwa ya umeme wa reli ndogo.

La kwanza ni kugawa. Njia ikiwa saketi moja, kila injini iliyo juu yake itatembea mara tu umeme unapowashwa. Ndiyo maana njia hukatwa sehemu: upande wa Nairobi, stesheni, njia ya kupishania, upande wa Emali, tawi la Magadi. Reli hupasuliwa mwanya mwembamba mpakani, au kibati cha chuma hubadilishwa na cha plastiki, na kila sehemu hupewa swichi yake. Wengi hugawa kwa sababu ya kuendesha treni mbili. Sababu kubwa zaidi hujulikana siku ya hitilafu: njia iliyogawanywa inaweza kuzimwa sehemu kwa sehemu mpaka mkosaji aonekane, na njia isiyogawanywa haisemi lolote.

La pili ni pointi, pale treni inapoiacha njia moja na kushika nyingine. Katikati ya pointi kuna umbo la V ambapo reli ya kulia ya njia moja inakutana na reli ya kushoto ya njia nyingine. Chanya na hasi zinakutana uso kwa uso. Baadhi ya watengenezaji huweka plastiki mahali hapo, na pointi inakuwa rahisi kuunganisha. Injini fupi yenye magurudumu manne ikipita polepole juu ya plastiki hiyo, inakosa umeme na kukwama. Wengine huweka chuma, na injini inapita bila kusita. Lakini chuma hicho lazima kibadilishwe upande wa umeme kila pointi inapogeuzwa, kwa swichi inayosogea pamoja na pointi. Ikichelewa kugeuka, inaleta shoti. Kwa anayeanza na injini ndefu, plastiki inatosha. Kwa anayependa injini ndogo za kupanga mabehewa, chuma kinastahili taabu yake.

Idadi ya magurudumu yanayochota umeme ina uzito zaidi kuliko nguvu ya mota. Injini za Garratt za daraja la 59, zile 34 zilizojengwa na Beyer, Peacock wa Manchester katikati ya miaka ya 1950 na kupewa majina ya milima ya Afrika Mashariki, zina magurudumu 28 kila moja. Mount Gelai, namba 5918, bado ipo katika Makumbusho ya Reli Nairobi kwa anayetaka kuyahesabu. Mfano wa injini kama hiyo, magurudumu yake mengi yakiwa yameunganishwa na mota, unapita juu ya uchafu na mianya bila kutikisika, kwa sababu daima kuna gurudumu lililogusa chuma safi.

La tatu ni kitanzi. Mjenzi akitaka treni ifike Magadi, izunguke na kurudi Konza bila kuinuliwa kwa mkono, anakunja njia ijirudie yenyewe. Fuata reli ya kushoto kwa kidole: inazunguka na kuja kugongana na reli ya kulia. Ni shoti ambayo hakuna usafi wala kulehemu kutakakoiondoa, kwa sababu imo kwenye mchoro wenyewe. Pembetatu ya kugeuzia injini ina tatizo hilohilo. Tiba yake ni kukata reli zote mbili kwenye miisho miwili ya kitanzi, na kulilisha kipande hicho kupitia swichi ya kugeuza chanya na hasi. Kipande kilichokatwa sharti kiwe kirefu kuliko treni yenye magurudumu ya chuma, la sivyo behewa la mwisho linaziunganisha pande mbili zinazogombana wakati injini inatoka. Kitanzi huwasumbua hata wazoefu, kwa kuwa kwenye karatasi kinaonekana kama njia ya kawaida iliyopinda.

Mota za kugeuzia pointi zina tabia yake. Nyingi ni koili zinazohitaji ampea kadhaa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Kidole kikikawia kwenye kitufe, koili inaungua. Kifaa chenye kapasita kinachojichaji taratibu na kutoa mkondo wote kwa mpigo mmoja huondoa hatari hiyo, maana baada ya mpigo hakuna kilichobaki cha kuunguza.

Umeme utoke wapi

Kenya inatumia volti 240 na soketi za pini tatu. Transfoma ya treni iliyonunuliwa Marekani, ambako umeme wa nyumbani ni volti 120, itaungua ikichomekwa moja kwa moja. Iliyotengenezewa Uingereza itafanya kazi ilivyo. Lolote linalogusa 240 lenyewe ni kazi ya fundi mwenye leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya, na kwenye meza ya watoto transfoma iliyofungwa kiwandani ndiyo pekee inayokubalika.

Chaguo la pili linaifaa Malili zaidi: betri ya volti 12 inayochajiwa na paneli ya sola. Umeme wa gridi ukipotea treni haisimami, na umeme ukirudi kwa kishindo hauunguzi chochote kwenye meza. Betri ya saa-ampea 50, ikitumiwa nusu ili isichakae mapema, ina saa-ampea 25, zinazotosha ampea 2 kwa zaidi ya saa 12. Kikontrola cha kielektroniki kinachokatakata mkondo kwa kasi hudhibiti mwendo vizuri, na kinaweza kuundwa kwa vipuri vinavyouzwa katika maduka ya Luthuli Avenue jijini Nairobi.

Betri inaleta hatari ambayo transfoma ndogo haina. Transfoma ya treni ikipata shoti, inakata au inadhoofika. Betri ya asidi ikipata shoti, inaweza kutoa mamia ya ampea, na waya inageuka nyekundu kabla mtu hajainuka kitini. Fyuzi iwekwe karibu kabisa na ncha chanya ya betri, kabla ya swichi, kabla ya kikontrola, kabla ya chochote. Fyuzi iliyowekwa mwisho wa waya hailindi waya iliyotangulia.

Mfumo wa zamani au wa dijitali

Tangu miaka ya 1990 kumekuwa na njia nyingine, DCC, iliyotokana na kazi ya kampuni ya Lenz ya Ujerumani na kufanywa kanuni ya pamoja na chama cha Marekani cha NMRA. Hapa volti kwenye reli hazipandi wala kushuka. Reli hubeba kama volti 15 wakati wote, zikigeuka upande maelfu ya mara kwa sekunde, na urefu wa kila mgeuko ni herufi ya ujumbe: mikrosekunde 58 ni moja, 100 au zaidi ni sufuri. Dikoda ndani ya injini husoma anwani yake na kutii amri. Treni tano zinaweza kuwa kwenye njia moja, kila moja na mwendo wake, bila swichi za sehemu.

Tangazo la kawaida husema DCC inahitaji waya mbili tu. Kimantiki ni kweli. Kiutendaji linawapotosha wanaoanza. Kwanza, umeme wa treni zote unapita kwenye waya zilezile kwa pamoja, kwa hiyo hesabu ya shaba inakuwa kali zaidi. Pili, uchafu ambao katika mfumo wa zamani ungeifanya injini isitesite, hapa unakata ujumbe katikati. Tatu, busta, kifaa kinachosukuma umeme wa DCC relini, ikiwa ya ampea 5 kwa volti 15 ina wati 75, na shoti ikiukusanya umeme huo wote kwenye gurudumu moja, plastiki inayeyuka. Busta hukata yenyewe ikihisi shoti, lakini waya zikiwa nyembamba, ukinzani wake unaificha shoti, na busta inaendelea kusukuma ikidhani ni treni nzito.

Kipimo chake ni sarafu. Weka sarafu ya shilingi 20 ikiziunganisha reli mbili, kwenye kila sehemu ya njia, hasa zile za mbali. Busta ikate mara moja kila mahali. Pale isipokata, waya hazitoshi, hata kama treni zinatembea vizuri leo.

Kwa hiyo kwa anayeanza, na hasa kwa shule, mfumo wa zamani wenye sehemu tano na swichi tano unafundisha zaidi na kusamehe zaidi. Njia iliyolehemiwa vizuri inaweza kupokea DCC baadaye bila kubomolewa. Njia mbovu haiponi kwa kuongezewa kompyuta.

Kumtafuta mkosaji

Hitilafu zote za reli ndogo ni za koo tatu, na kila ukoo una dalili zake. Mkatiko: treni imekufa mahali pamoja, na kikontrola hakilalamiki. Shoti: kikontrola kinakata, na kila kitu kinazimika pamoja. Ukinzani: treni inatembea lakini inadhoofika, inasitasita, au kiungo kinapata joto. Kabla ya kushika chombo chochote, kutaja ukoo kunaondoa theluthi mbili za kazi.

Ukoo wa tatu ndio mjanja, kwa sababu unaidanganya mita. Fundi anaweka mita kwenye reli iliyokufa, inasoma volti 12, naye anaondoka akisema njia ni nzima. Bomba la maji lililojaa matope lina presha kamili mfereji ukiwa umefungwa. Ufungue, na matone ndiyo yanayotoka. Mita haichoti mkondo wa maana, kwa hiyo haiuoni ukinzani. Kinachohitajika ni mzigo. Balbu ya indiketa ya bodaboda, volti 12 na wati 10, ikishikizwa kwenye waya mbili, ni kipimo bora kuliko mita ya bei: mahali pazuri inang'aa, kwenye kiungo kibovu inafifia, kwenye mkatiko inazimika. Mita inapata kazi yake baadaye, kupima volti zilizopo balbu ikiwaka. Ikisoma 12 bila balbu na 8 ikiwa na balbu, volti 4 zimeliwa kati ya kikontrola na pale uliposimama. Sogea kiungo kimoja kimoja kuelekea kwenye chanzo. Pale usomaji unaporuka kupanda, umempata.

Balbu kubwa ya breki, ya wati 21, ina kazi nyingine. Ikiungwa mfululizo na waya ya sehemu moja, haionekani treni ikitembea kwa kawaida. Shoti ikitokea, inawaka kwa nguvu na kuzuia mkondo usipite ampea 1.75. Imekuwa mlinzi na mjumbe kwa pamoja: inapunguza madhara na kuonyesha ni sehemu ipi yenye shida.

Shoti hutafutwa kwa kugawa nusu. Ondoa treni zote relini kwanza, maana gurudumu lililoacha njia na bisibisi iliyosahaulika juu ya reli ni visababishi vya kila siku. Shoti ikibaki, tenga nusu ya sehemu. Ikitoweka, imo katika nusu uliyoitenga. Isipotoweka, imo katika iliyobaki. Gawa tena. Njia ya sehemu 16 inamtoa mkosaji kwa vipimo vinne. Anayeanza mwisho mmoja na kukagua kila waya anaweza kuhitaji vipimo 15, na akichoka katikati huanza kubadilisha vitu ovyo, akiongeza kosa la pili juu ya la kwanza.

Kuna mtego ambao hata kugawa nusu hakuushindi kirahisi: umeme unaoingia kwa mlango wa nyuma. Sehemu iliyozimwa inaendelea kupata mkondo kupitia pointi iliyogeuzwa upande fulani, au kupitia waya ya kurudishia inayotumiwa na sehemu mbili. Hitilafu inakuja na kuondoka kulingana na jinsi pointi zilivyokaa. Kinga ni mchoro. Rangi moja kwa reli ya kulia, nyingine ya kushoto, lebo kwenye kila waya chini ya ubao, na karatasi inayoonyesha mianya yote. Mchoro unachorwa siku ya kujenga. Baada ya miaka miwili hakuna anayekumbuka waya ya kijani ilikuwa ya nini.

Vumbi na mabati

Udongo mweusi wa nyanda za Konza hupasuka wakati wa kiangazi na kupeperuka, na magari ya barabara kuu na ujenzi huongeza. Vumbi likikaa juu ya reli, kila gurudumu linalopita linarusha cheche ndogo zisizoonekana, nazo cheche zinachoma chuma na kuacha masizi meusi. Msasa unayaondoa haraka, lakini unaacha mikwaruzo ambamo masizi yajayo yatajificha. Kitambaa cha pamba chenye spiriti isiyo na mafuta kinatosha kwa usafi wa kawaida. Magurudumu yasafishwe pamoja na reli, maana yakiachwa yanaurudisha uchafu siku ileile. Kufunika meza kwa shuka usiku kunaokoa kazi nyingi.

Joto ni adui asiyetajwa sana. Chini ya paa la mabati lisilo na dari, tofauti kati ya asubuhi na alasiri inaweza kufika nyuzi 20 au kupita. Mita 5 za reli ya nikeli-silva, kwa tofauti hiyo, zinarefuka karibu milimita 1.7. Mwanya wa kutenga sehemu kwa kawaida ni milimita moja. Njia iliyokuwa nzima saa tatu asubuhi inaweza kupata shoti saa tisa alasiri, na jioni inajiponya. Anayeona hitilafu inayofuata saa badala ya treni, atazame mianya kwanza. Tiba ni kuijaza kwa kipande cha plastiki siku ya kujenga, na kuacha nafasi za kupumulia kwenye viungo ambavyo havijalehemiwa.

Kipi kitangulie

Wengi hutumia fedha kinyumenyume: injini kwanza, kisha mandhari, kisha kikontrola cha bei, na waya zinanunuliwa kwa chenji iliyobaki. Kwa hesabu zilizopita, mpango uwe huu. Waya kuu ya shaba ya milimita mraba 1.5 au 2.5, na waya za kupandia zilizolehemiwa. Fyuzi kando ya betri. Swichi ya kila sehemu, na mchoro. Balbu mbili za bodaboda na mita ya kawaida. Kisha reli nzuri, halafu injini moja yenye magurudumu mengi yanayochota umeme. DCC ingoje mpaka sarafu ikate busta kila kona.

Shule za sekondari msingi zina somo la Masomo ya Kabla ya Ufundi, na reli ndogo inaweza kulitumikia. Ubao wa mita mbili wenye sehemu tatu, pointi moja na betri ya sola unaweza kumfundisha mwanafunzi hasara ya volti, fyuzi, shoti na kugawa nusu, vitu ambavyo kitabuni hubaki maneno. Mwalimu anaweza kulegeza kiungo kimoja kwa makusudi kabla ya kipindi na kuwapa wanafunzi balbu. Atakayekipata kiungo hicho kwa hesabu badala ya bahati ataweza kueleza kwa nini taa ya chumba cha mwisho nyumbani kwao inafifia, na ni waya ya unene gani itakayoitibu.